Kuku Aliyepakwa Ladha ya Kuku

Wawi, Pemba
Ijumaa, baada ya sala

Kwa Mama yangu, Bi Fatu, Mikindani

Mama, shikamoo. Nakuamkia kwa mikono niliyoiosha mara tatu leo na bado inanuka, na sababu yake utaijua barua hii haijafika mwisho. Goti vipi? Dada Esha aliniandikia kwamba limeanza tena kukusumbua ukiinama. Usiniambie hujambo kwa kuwa tu hutaki kunitia wasiwasi, niambie kweli. Na macho je, bado unatunga uzi kwenye sindano mwenyewe au mpaka uite mtoto wa jirani? Mkeka ule uliouanza umefika wapi? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, mimi na mume wangu Faki na mjukuu wako Nuru. Ila tumbo langu linachafuka tangu juzi, na si homa wala si mimba, usije ukaanza kuwatangazia majirani. Ni kinyaa, Mama. Kinyaa kitupu.

Najua umenikasirikia. Nilisema nitakuja baada ya Idi, na Idi imepita, na mwezi mwingine umepita juu yake, na mimi sijaonekana. Faki hakunikataza. Alishaniruhusu na nguo nilishafunga. Aliyenizuia ni mamake, mkwe wangu Bi Mize, na wala hakunizuia kwa mdomo. (Yeye namwita Mama kama ninavyokuita wewe, ila humu nitamwandika Bi Mize nisije nikakuchanganya.) Alishikwa na homa, homa ikatoka, lakini chakula akakikataa. Wiki tatu, Mama! Mtu aliyekuwa akimaliza sahani ya muhogo wa nazi kisha anauliza ukoko uko wapi, sasa ukimpelekea kijiko anageuza uso ukutani. Nimempikia uji wa mchele wenye pilipili manga. Nimempikia boko boko ya ngano na nyama, nikaipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nimempikia changu aliyetoka majini asubuhi ile ile, kwa nazi na ndimu. Anaonja tone, anasema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba," na shibe hiyo sijui anaipata wapi.

Daktari wa Chake Chake alimpima akasema ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni kula, na asipokula tusitegemee dawa. Sasa ningeondokaje? Nifunge mzigo wangu nimwache mtu mzima anakauka kitandani, halafu nije nikae barazani kwako ninywe chai? Nilimwambia Faki, siku mama atakapomaliza sahani moja mpaka chini, na akawepo wa kumtazama, mimi siku hiyo hiyo naanza safari. Akasema sawa. Basi ikawa kila tonge analosukuma Bi Mize, ni kama ananisukuma mimi nisifike Mikindani.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia wifi yangu Riziki, dada mkubwa wa Faki, yule anayekaa Kanada. Miaka kumi na moja hajakanyaga Pemba. Alipata habari kwamba mamake hali, akaomba likizo, akaja. Namsifu kwa hilo, sina choyo. Aliingia na masanduku mawili. Moja la nguo na zawadi, na la pili, wallahi nakwambia, lilikuwa la vyakula. Mtu anatoka nchi ya baridi analeta chakula Pemba! Pemba, ambako ukitema mbegu ya papai mlangoni, mwakani unatafuta upondo wa kuangulia! Paketi za supu, paketi za viazi vilivyosagwa vikawa unga, na visanduku vya karatasi ngumu vyenye picha ya kuku wa rangi ya dhahabu amelazwa juu ya majani.

"Hii nini, wifi?" nikamuuliza, maana nilikuwa bado nina adabu.

"Hii ndiyo inayonipikia kule," akasema. "Unamtia kuku kwenye mfuko pamoja na unga huu, unatikisa, unamwingiza kwenye oveni, dakika arobaini, basi. Hakuna kukuna nazi, hakuna kutwanga thomu, hakuna kusimama jikoni kutwa. Nyinyi mnamaliza umri wenu jikoni, wifi. Kesho nitampikia mama mimi mwenyewe, na utaona kama hali."

Dada wa mume, mkubwa kwangu, amekuja na zawadi ya kanga jozi nne, ningemjibu nini? Lakini moyoni nilisema, mwanamke nimekaa wiki tatu na kinu na mbuzi ya nazi, wewe unakuja kunishinda kwa mfuko wa karatasi?

Bi Mize alisikia kutoka kitandani. "Mle ndani mna n'nini?" akauliza. Sauti ndogo, lakini masikio yake hayajaugua. Riziki akamwambia ameshauliza, ni halali, hamna kitu cha haramu. Bi Mize hakuridhika, akamwita Faki asome, kwa kuwa Faki ni mwalimu na Kiingereza ndicho anachofundisha. Faki akavaa miwani, akasimama mlangoni kama anayesoma hutuba. Unga wa ngano, akasema. Chumvi. Sukari.

"Sukari?" nikasema. "Kwa kuku?"

"Kitunguu kikavu. Rangi. Na ladha ya kuku."

"Ladha ya nani?"

"Ya kuku."

"Na wa kupakwa ni nani?"

Faki akaigeuza paketi huku na huku kama labda nyuma wamejirekebisha. "Kuku," akasema.

Mama, haki ya Mungu, sijapata kusikia. Unamchukua kuku wa watu, Mwenyezi Mungu ameshampa ladha yake, unampaka ladha ya kuku mwingine aliyekaushwa katika kiwanda. Kwani huyu wa kwanza alikuwa na ladha gani, ya samaki? Nilicheka peke yangu, na Riziki hakupenda.

Kuku tuliyekuwa naye ni yule jogoo wangu mwekundu, niliyekuandikia kwamba anawika saa saba mchana kama hana akili. Ana miaka mitatu, mapaja kama miguu ya kitanda. Nikamwambia Riziki kwa heshima zote, "Wifi, huyu mzee. Huyu achemshwe kwanza, tena na kipande cha papai bichi, ndipo umfanye utakavyo." Akanionyesha mgongo wa paketi. Imeandikwa nyama mbichi, akasema, ukimchemsha unga haushiki. Nikamuuliza kama hao walioandika wamemwona jogoo huyu. Faki akacheka, akaliona jicho la dadake, akanyamaza.

Basi juzi Jumatano asubuhi Faki akachinja, mimi nikanyonyoa. Hapo Riziki akaninyang'anya kisu. "Kaa kitako upumzike, wifi, leo zamu yangu." Nikakaa. Sasa na wewe Mama shika kitu, nisije nikakuangusha. Alimkata kuku, akamwosha kwa maji. Kwa maji tu, tena mara moja! Hakutia chumvi, hakutia ndimu, hakusugua. Shombo likapanda mpaka kwenye makuti. Nilimsogezea ndimu nne nilizozichuma mwenyewe, akazisukuma kando kwa kiwiko. "Ndimu itaharibu unga," akasema. Nikatazama ule utelezi juu ya nyama na mate yakanijaa kinywani, na si mate ya hamu. Nilitoka uani nikatema.

Niliporudi nikakuta shingo, miguu, maini na firigisi viko ndani ya kopo la taka. Firigisi, Mama! Tangu niolewe, hajachinjwa kuku nyumba hii firigisi isikae juu ya wali wa Faki. Hata siku tuliyogombana mpaka tukawa hatusemezani, nilimnunia lakini firigisi nilimwekea. Riziki anaitupa kama ganda la kitunguu. "Kule hatuli vitu vya ndani," akasema. Hatuli! Kwani alizaliwa kule? Nilingoja ageuke, nikaviokota vyote, nikaviosha kwa ndimu ya tano niliyokuwa nayo kwenye pindo la kanga, nikavificha chini ya kawa. Nilishajua nitavifanya nini.

Yeye akawa anatia vipande kwenye mfuko na ule unga, anatikisa huku anachezesha kiuno, Nuru anapiga makofi. Ungeiona rangi yake! Rangi ya matofali. Na harufu ni ya kitunguu kilichokufa zamani, kikazikwa na sukari. Akavipanga kwenye sinia. Kisha akakumbuka kwamba hapa hatuna oveni. Akamtuma Faki kwa baiskeli mpaka Tibirinzi, kwa mwanamke aliyesoma naye ambaye ana oveni ya umeme, aulize kama tunaweza kumpelekea. Yeye akaenda kuoga na kusali adhuhuri.

Hapa nakuomba, kama Dada Esha ndiye anayekusomea, Esha funga mlango, na usome polepole kwa sauti ya chini.

Nilibaki jikoni peke yangu na lile sinia. Nzi wameshapata habari. Shombo linanipiga usoni, ndimu zangu nne zimekaa pembeni zinanitazama. Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kuku asiyepita kwenye ndimu hajaoshwa. Uliwahi kunirudisha kisimani mara mbili kwa kuku mmoja. Sasa mkwe wangu mgonjwa anakwenda kulishwa kitu kile? Nikasema, nitaminya kidogo tu, juu juu, shombo litoke, hakuna atakayejua. Nikaminya ya kwanza. Sikuona tofauti, nikaminya ya pili. Basi mkono ukishaanza hausikii, zikaisha zote nne.

Lahaula! Ule unga ukatoa povu. Ukavimba, ukalegea, ukateleza kutoka kwenye nyama, ukakusanyika chini ya sinia uji mwekundu mzito, na harufu ikawa mara mbili. Nikashikwa na hofu. Nikaanza kuuzoa kwa vidole na kuubandika tena kwenye nyama, kipande kwa kipande, kama mtu anayekandika ukuta. Unashuka, naubandika. Unashuka tena, naubandika tena. Ulinata mpaka kwenye pete. Huo ndio unaonuka mikononi mwangu mpaka leo Ijumaa, na nimesugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa mchanga.

Riziki akarudi amejifunga kanga ya sala. Akalitazama sinia. "Mbona umelowa?"

"Joto, wifi," nikasema. "Joto la Pemba umelisahau."

Mungu anisamehe. Na yeye akaniamini! Hapo hapo Faki naye akarudi, jasho linamtoka, kusema Tibirinzi yote haina umeme tangu asubuhi. Basi Riziki akasimama katikati ya jiko letu kama mgeni, na paketi yake mkononi, hajui afanye nini. Nikamwonea huruma kidogo, kidogo tu. Nikateremsha sufuria ninayochomea mkate wa kumimina, nikamwambia tutafanya makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ndiyo oveni yetu.

Dakika arobaini zilipotimia tukafunua. Juu kumeshakuwa kweusi, na kisu kikapiga paja la jogoo kikarudi. Tukaongeza makaa. Tukafunua tena, kisu kinarudi. Sukari ikaanza kuungua, moshi ukatoka mpaka jirani akaita juu ya ua, "Kwa mwalimu! Kunaungua n'nini huko, mpira?" Riziki macho mekundu, sijui ni moshi au ni nini. Na mimi je? Mimi nyuma ya nyumba nilikuwa nimebandika kijungu changu juu ya mafiga. Shingo, miguu, maini, firigisi, tangawizi, thomu, pilipili manga, na ndimu nikaenda kuomba kwa jirani. Supu imetulia, mafuta yanaelea juu yake. Nakwambia kweli wewe mama yangu uliyenizaa, roho yangu ilikuwa inafurahi. Nilisema, leo wifi atapakua uchafu wake, Bi Mize atageuza uso ukutani, halafu mimi niingie na bakuli langu, anywe, amalize, na mimi nisafiri. Tena nisafiri nimeshinda.

Tulipakua baada ya alasiri. Sijui nikuelezeje kile kitu. Juu lilikuwa gaga jeusi lililopasuka. Chini yake utando mwekundu, laini, unaoteleza ukiugusa. Ndani nyama ya jogoo haijajali lolote, imebaki vile vile, inakutazama. Faki alisoma bismillahi kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Akazungusha macho kwenye sahani yake anatafuta firigisi, akainua kipande, akatafuta chini yake, akanitazama, nikatazama dari. Nuru akatia tonge kinywani, akalitoa, akaliweka kiganjani, akauliza, "Mama, hii sabuni?" Nilimfinya.

Na mimi nilionja, adabu ilinilazimisha. Kwanza sukari. Halafu chumvi inakuja kama teke. Halafu ukali wa ndimu, zote nne, nazijua mwenyewe. Kisha hiyo ladha ya kuku ya kiwandani, Mama, inapanda puani na kukaa, kama mtu amechemsha manyoya. Ule utando ukanishika kwenye kaakaa hautaki kwenda chini wala kurudi juu. Nilimeza kwa maji, na tumbo langu ndipo lilipoanza kunichafuka, na halijatulia mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Riziki naye akaonja. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Uso ukamshuka, akainama kwenye sahani, na nikaona chozi linadondokea kwenye lile gaga.

"Kule hakiwi hivi," akasema. Akaisogeza sahani kando, akasema, "Wifi, usidhani mimi napenda chakula hiki. Nikirudi kazini miguu imevimba, siwezi hata kusimama kumenya kitunguu. Nakula nimeegemea sinki. Miaka kumi na moja hakuna aliyenipakulia. Nilitaka angalau mara moja mama ale cha mkono wangu, na hiki ndicho peke yake ninachokijua siku hizi. Nazi nimeshasahau hata kuikuna."

Mimi na ndimu zangu, Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikusema. Badala yake nikakimbilia bakuli langu la supu, nikaingia nalo chumbani kwa Bi Mize kama niliyetumwa na malaika. Riziki akanifuata, mikono mitupu.

Nikamwinua Bi Mize, nikamwegemeza kwenye mto, nikamsogezea kijiko. Akanusa. "Supu nzuri," akasema. "Iweke hapo." Akageuza uso, lakini safari hii si ukutani. Alimtazama binti yake. "Riziki. Chakula changu kiko wapi? Si ulisema leo wanipikia weye?"

"Kimeharibika, mama. Kunywa supu ya wifi."

"Nimekuuliza kiko wapi. Nletee."

Riziki akaleta paja. Bi Mize hana meno ya nyuma, na jogoo yule asingekatwa hata na meno ya mbwa. Riziki akakaa kitandani, akalichambua paja nyuzi nyuzi kwa vidole, na lile gaga na ule utando, akamtia mamake kinywani. Nikafumba macho. Nilikuwa nimeshika beseni tayari kwa matapishi. Bi Mize akatafuna. Akatafuna muda mrefu sana, tukamsikia akimeza. Akafungua kinywa tena.

Alikula paja zima, Mama. Mtu aliyekataa changu wa asubuhi! Alikula ule uchafu nyuzi kwa nyuzi, na wali juu yake, mpaka sahani ikaonekana maua yake. Mimi kila anapomeza ndiye ninayesikia kichefuchefu. Alipomaliza akalamba kidole cha Riziki kilichokuwa na ule uji mwekundu, kidole kizima, nusura mimi nikimbie. "Kitamu," akasema. "Nkono wako haujapotea." Riziki akalia kwa sauti, akakusanya vyombo, akatoka.

Nikabaki kumnawisha Bi Mize. Alinishika mkono, akauleta puani mwake, akaunusa.

"Ndimu umetia weye," akasema.

Nikaanza kujitetea, nikasema shombo, nikasema mama yangu alinifundisha, nikasema sikudhani. Akanipigapiga mkono ninyamaze.

"Usimwambie. Atafikiri kakosa yeye, au atafikiri umemkosea weye, na yote mawili hayana faida." Akapumzika kidogo, maana kusema kunamchosha. "Kibaya kile, mwanangu. Kibaya mno. Toka nizaliwe sijapata kula kitu kama kile."

"Sasa mbona umekula, Mama? Na supu yangu umeiacha?"

"Supu yako naipata kila siku. Wiki tatu wanipikia, na mie kila nikiona sahani namkumbuka huyu Riziki aliyekuwa akinipikia kabla yako, nashindwa kumeza. Si kosa lako." Akanitazama. "Na mamako weye, yule wa Mikindani? Hajala cha nkono wako miaka mingapi?"

Nikamwambia sita.

Akanyoosha mkono, akachukua bakuli langu la supu iliyokwishapoa, akanywa mwenyewe bila kijiko, mpaka chini. Akanirudishia bakuli tupu. "Haya. Kamwambie Faki akukatie tikiti."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jana kala muhogo, leo asubuhi kaomba uji na akalalamika kwamba pilipili manga imekuwa chache. Riziki anabaki mwezi mzima, na tangu jana anakuna nazi kwa machozi, vidole vyote kavichubua, na hataki nimsaidie. Tui lake lina maganda. Bi Mize anakula na kusifu, na mimi nimeacha kusema. Firigisi niliipeleka kwa Faki mlango wa nyuma, akaila kimya kimya amesimama.

Ninaondoka Jumatatu na Nuru. Barua hii naitanguliza kwa mwalimu mwenzake Faki anayeondoka kesho kuja Mtwara. Nisalimie Dada Esha na shemeji, na umwambie Esha kwamba habari ya ndimu ikitoka nje ya chumba hicho nitajua imetokea wapi. Nisalimie Mjomba Bakari, umwambie karafuu zake za kutia kwenye kahawa ninazo. Nisalimie Bibi Somoe, somo yangu, umbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie na Maalim aliyenisomesha chuoni, na majirani wote wa upande wa kisima. Bi Mize anakusalimu kwa ulimi wake mwenyewe, anasema umemzalia mtoto mwenye kiherehere.

Riziki amenipa paketi moja nikuletee zawadi. Sikuweza kukataa. Nitaileta uione sura yake, kisha tutaitupa pamoja, mbali na kuku wasije wakadonoa.

Na wewe, Mama, kuku usichinje kabla sijafika, hata akija mgeni. Nitampika mimi, na wewe na Esha mtakaa mbali na jiko. Miaka sita nimezoea moto wa Pemba, sijui kama kuni za kwetu zitanikumbuka. Nikimuunguza, Mama, ule vivyo hivyo. Ule mpaka chini, useme kitamu.

Mwanao,
Somoe